Umenasa taa ufukweni? Hivi ndivyo utakavyomjua kabla hujamgusa

Mshipi umekaza, fimbo imepinda, na unachovuta hakikimbii. Kimejilaza tu chini kama jiwe. Baada ya dakika kumi na tano, kitu bapa chenye mkia mrefu kinateleza kwenye mchanga. Watu wanajaa, simu zinatoka, na kila mtu ana jina lake. Huyu anasema taa, yule anasema nyenga, mwingine anaapa ni pungu.

Kumjua vizuri kuna faida mbili. Kwanza, baadhi ya taa wana mwiba wenye sumu na mmoja ana umeme, kwa hiyo ukikosea kumshika unaweza kuishia hospitali. Pili, baadhi yao wako kwenye hatari kubwa ya kutoweka, na uamuzi wa kumrudisha baharini uko mikononi mwako pale pale ufukweni.

Huu hapa mwongozo wa taa wanaoonekana zaidi pwani ya Kenya na Tanzania, kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Kwanza, taa ni samaki gani?

Taa ni ndugu wa papa. Hana mifupa migumu kama changu au kolekole. Mwili wake umejengwa kwa gegedu, ile ile iliyopo kwenye sikio lako.

Usimchanganye na gayogayo. Gayogayo naye ni bapa, lakini amelalia ubavu na macho yake yote mawili yako upande mmoja. Taa amelalia tumbo. Mgeuze (kwa tahadhari) utaona mdomo na matundu matano ya mashavu kila upande, yote chini. Juu kuna macho, na nyuma ya macho kuna matundu mawili ya kuvutia maji. Hayo ndiyo yanayomwezesha kupumua akiwa amejifukia mchangani.

Majina ya wavuvi hubadilika kutoka diko moja hadi jingine. Samaki anayeitwa nyenga sehemu moja anaweza kuwa taa tu sehemu nyingine. Ndiyo maana ni bora kutazama umbo la samaki mwenyewe kuliko kubishania jina.

Maswali manne ya kujiuliza

Kabla ya rangi, angalia umbo. Rangi hudanganya: hufifia samaki akifa, na mtoto anaweza kuwa na madoa ambayo mkubwa hana.

1. Mkia ukoje? Mnene wenye mapezi kama wa papa, au mwembamba kama kiboko?
2. Kichwa kiko wapi? Kimezama ndani ya mwili, au kimejitokeza mbele?
3. Mwili una umbo gani? Duara, yai, au kishada?
4. Mkia una ngozi inayoning'inia? Baadhi wana utando chini ya mkia kama bendera, wengine hawana kabisa.

Ukijibu haya manne, umeshapunguza orodha kwa kiasi kikubwa. Sasa twende kwa mmoja mmoja.

1. Taa wa madoa ya buluu

Huyu ndiye anayepigwa picha zaidi. Kwenye mwamba na mabwawa ya maji kupwa, madoa yake ya buluu yanawaka kama yamepakwa rangi jana.

Lakini hapa kuna mtego. Wapo wawili, na watu wengi huwachanganya.

Wa kwanza, Taeniura lymma:
- mwili wa umbo la yai, upana wa sentimita 35 hivi akiwa mkubwa
- madoa ya buluu kali juu ya rangi ya njano au kahawia
- mistari miwili ya buluu inayokwenda na mkia
- hukaa karibu na matumbawe, na maji yakijaa huingia kwenye mchanga kutafuta chakula

Wa pili ni wa kundi la Neotrygon:
- mwili wa umbo la kishada, wenye kona
- madoa ya buluu yaliyofifia zaidi
- alama nyeusi inayopita kwenye macho, kama amevaa miwani ya jua
- mkia wenye pete nyeusi na nyeupe kuelekea ncha
- hupenda mchanga zaidi ya mwamba

Kwa miaka mingi huyu wa pili aliitwa Neotrygon kuhlii kila mahali, kuanzia Afrika hadi Pasifiki. Mwaka 2016 wataalamu waligawa kundi hilo, na wa Bahari ya Hindi akapewa jina lake, Neotrygon caeruleopunctata. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani chenye jina tofauti, si kosa la kitabu.

Wote wawili wana mwiba. Udogo wao usikudanganye.

2. Nyenga wa mkia wa kiboko

Hawa ndio wakubwa wanaopindisha fimbo. Kundi la Himantura lina mwili mpana wenye madoa mengi meusi au mistari iliyojisuka kama sega la nyuki. Upana wake hupita mita 1.

Alama kubwa ni mkia. Ni mwembamba, mrefu kuliko mwili mara mbili au tatu, na hauna utando wowote chini. Kiboko kitupu. Wazee wa pwani wanaukumbuka vizuri: mkia wa taa uliokaushwa ulikuwa fimbo ya kuchapia, na walioonja hawajasahau.

Tahadhari kidogo kuhusu madoa. Mtoto huanza na madoa machache makubwa, kisha yanaongezeka na kusongamana kadiri anavyokua. Mkubwa na mtoto wa aina moja wanaweza kuonekana kama samaki wawili tofauti.

Kwenye mikoko kuna ndugu yake, Urogymnus granulatus. Huyu mgongo wake ni mweusi au kijivu wenye vidoa vyeupe, lakini mkia kuanzia kwenye mwiba hadi ncha ni mweupe. Watoto wake hukulia kwenye maji ya kina kifupi katikati ya mizizi ya mikoko. Ukivua kwenye hori ukanasa mdogo wa aina hii, ujue uko kwenye chumba cha kulelea watoto.

3. Taa wa bendera

Huyu mwili wake hauna madoa. Ni kahawia au kijivu tupu, mnene, kona zake zimeviringika. Wa kwetu kwa kawaida hutambuliwa kama Pastinachus ater.

Mwangalie mkia tu. Chini yake kuna utando mpana mweusi, na akiogelea unapepea kama bendera. Hakuna taa mwingine wa kwetu mwenye utando mrefu kwenda chini kiasi hicho.

Jambo la kuzingatia: mwiba wake hauko karibu na mwili. Uko mbali, huku katikati ya mkia. Mtu anayedhani yuko salama kwa sababu amesimama kando ya mwili, ndiye anayefikiwa. Huyu ni samaki wa kukaa naye mbali.

4. Taa mviringo mweusi

Akiwa karibu duara kamili, mwenye mabaka meusi na kijivu kama moshi, na mkia mfupi kiasi wenye utando, basi huenda ni Taeniurops meyeni. Anaweza kufikia upana wa mita 1.8. Kwa kawaida ni mpole na wapiga mbizi humwona amelala chini ya matumbawe, lakini akibanwa mwiba wake una nguvu ya kuua. Kata mshipi, mwache aende.

5. Taa wa miiba mgongoni

Urogymnus asperrimus ni wa ajabu. Mwili ni wa umbo la yai, mnene, na mgongo umejaa miiba midogo migumu. Ukimgusa ni kama unagusa nungunungu aliyelala.

Lakini mkiani hana ule mwiba wa sumu. Ulinzi wake wote uko mgongoni. Ngozi yake ngumu ilitumika zamani kufunika mipini ya mapanga na ngao. Leo haonekani mara nyingi, kwa hiyo ukimpata, piga picha na umrudishe.

6. Pungu

Hapa swali la pili, la kichwa, linamaliza kesi. Pungu ana kichwa kilichojitokeza mbele ya mwili, chenye pua kama mdomo wa bata. Mabawa yake yamechongoka, na haruki jina lake: kama ndege pungu, huyu naye anapaa, ila majini.

Wa kwetu, Aetobatus ocellatus, ana mgongo mweusi wenye madoa au pete nyeupe na tumbo jeupe. Mkia ni mwembamba na mrefu mno. Meno yake ni bapa, yamepangwa kama vigae, kwa ajili ya kuvunja kombe na chaza.

Mwiba wa pungu uko kwenye shina kabisa la mkia, nyuma tu ya kipezi kidogo. Mara nyingine iko zaidi ya mmoja. Akitua mchangani hurusha mwili kwa nguvu, kwa hiyo usimkumbatie kwa ajili ya picha.

7. Manta na jamaa zake

Wakubwa kuliko wote. Mdomo uko mbele badala ya chini, na kila upande wa kichwa kuna pezi dogo kama pembe linalosukuma chakula mdomoni. Hula viumbe vidogo vinavyoelea, kwa hiyo hachukui chambo. Wakinaswa kwa ndoano, mara nyingi ndoano imewakwaruza tu ubavuni. Zaidi hunaswa na nyavu.

Manta hachomi kama nyenga. Yeye ndiye anayehitaji ulinzi: kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mimba. Ukiondoa mmoja, pengo lake halizibiki haraka.

8. Taa wa umeme

Si ile ya ukutani. Taa *wa* umeme ni samaki mviringo, laini, ngozi haina magamba, na mkia wake ni mfupi mnene wenye mapezi mawili juu na pezi la mwisho kama la samaki wa kawaida. Ukimgusa kama kawaida, utajuta.

Pande zote mbili za kichwa ana viungo vinavyozalisha umeme, anavyotumia kuduwaza mawindo. Kwa binadamu mshtuko wake unauma sana ingawa kwa kawaida hauui. Hatari ni ukiwa majini: unashtuka, unaanguka, unakunywa maji. Hana mwiba wa sumu, lakini usimshike kwa mkono mtupu wala kwa chuma.

9. Wale wanaofanana na papa

Mkia mnene wenye mapezi mawili makubwa, mwili mrefu, kichwa kama jembe au kama gitaa. Watu wengi humwita papa na kumaliza. Siyo. Mgeuze: matundu ya mashavu yako chini, basi ni jamaa ya taa. Papa matundu yake yako ubavuni.

Kuna wadogo wa mchangani, mmoja wao amepewa jina la Zanzibar, Acroteriobatus zanzibarensis. Na kuna wakubwa wa kundi la Rhynchobatus, wanaopita mita 2 kwa urefu, wenye madoa meupe na doa jeusi karibu na shina la bawa.

Hawa wakubwa ndio wenye hali mbaya. Mapezi yao yana bei kubwa kwenye biashara ya mapezi ya papa. Tathmini ya IUCN ya mwaka 2019 iliwaweka karibu aina zote za kundi hilo kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka huo huo mkataba wa CITES ukaingiza biashara yao ya kimataifa kwenye udhibiti. Hawana mwiba wa sumu, hivyo kumrudisha mmoja baharini si kazi ya kutisha.

Na papa upanga? Licha ya jina, naye ni taa. Pua yake ndefu ina meno kila upande kama msumeno. Zamani wavuvi wa midomo ya mito walimjua vizuri. Siku hizi kumwona ni habari. Tangu 2013 aina zake zote zimezuiwa kwenye biashara ya kimataifa. Ukimnasa akiwa hai, kata wavu au mshipi ukiwa mbali na upanga wake, mwache aende, kisha toa taarifa.

Mwiba unafanyaje kazi?

Mwiba wa taa hauko kwenye ncha ya mkia kama wengi wanavyodhani. Uko juu ya mkia, na una meno yanayotazama nyuma kama ya ndoano. Unaingia kirahisi, unatoka kwa kuchana. Umefunikwa na ngozi nyembamba yenye sumu, na ngozi hiyo huchanika ndani ya jeraha.

Mambo matatu ya kukumbuka:
- Taa hamfuati mtu. Hupiga mkia akikanyagwa, akibanwa au akivutwa.
- Mwiba ukikatika huota mwingine. Kwa hiyo kumkuta hana leo si dhamana.
- Taa aliyekufa bado anaweza kukuumiza. Mwiba bado ni mkali na sumu haiishi mara moja. Wauzaji na wapishi, hii ni yenu pia.

Majeraha mengi huwa mguuni na mkononi: yanauma vibaya lakini mtu hupona. Ya kifuani na tumboni ni jambo jingine. Septemba 2006, Steve Irwin, mtangazaji wa Australia aliyejulikana kwa kushika mamba, alikufa baada ya kuchomwa kifuani na taa alipokuwa akirekodi kipindi.

Kwa wanaotembea majini, kama wavuvi wa pweza na kina mama wa shamba la mwani, dawa ni rahisi: buruta miguu, usiinue. Taa akisikia mtikisiko wa mchanga huondoka mwenyewe. Viatu husaidia, ingawa mwiba mkubwa huvitoboa.

Umechomwa? Fanya hivi

1. Toka majini haraka. Maumivu yanaweza kukufanya uzirai.
2. Osha jeraha. Damu ikitoka sana, bana kwa kitambaa safi.
3. Tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji moto, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu. Mtu mwingine apime maji kwanza, maana aliyechomwa anaweza kuungua bila kujua.
4. Mwiba ukiwa umekwama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Kimbia hospitali.
5. Hata kama maumivu yametulia, nenda kituo cha afya. Vipande vya mwiba hubaki ndani, jeraha hutunga usaha, na kuna sindano ya pepopunda.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba kukata damu, usipake mafuta ya gari. Hayo yote huongeza tatizo.

Ukitaka kumrudisha

- Mwache kwenye maji ya kina kifupi. Usimburute hadi mchanga mkavu.
- Usimwinue kwa mkia, wala kuingiza vidole kwenye matundu ya nyuma ya macho. Kulabu ndiyo kabisa, hapana.
- Funika mkia kwa taulo lililoloweshwa, mtu mmoja asimame mbali akiuangalia.
- Ndoano ikiwa mdomoni nje, itoe kwa koleo. Ikiwa ndani, kata mshipi karibu kabisa na mdomo.
- Usikate mkia wa taa aliye hai. Ni ukatili, na anahitaji mkia huo kujilinda.
- Mwelekeze kina kirefu, mwache aondoke mwenyewe.

Kwa anayekula, taa ni kitoweo cha halali cha pwani, mbichi kwenye mchuzi wa nazi au mkavu wa chumvi. Hakuna anayemlaumu mvuvi kulisha nyumba. Ila taa huzaa watoto wachache na huchelewa kukomaa, tofauti na dagaa. Ukiona tumbo limejaa au ni mtoto wa mikoko, kumwachia ni akiba yako mwenyewe.

Picha tatu zinatosha

Simu yako inaweza kusaidia kuliko kumbukumbu. Piga:
- moja kutoka juu, mwili mzima
- moja ya mkia, kuanzia shina hadi ncha, ionyeshe mwiba na utando
- moja ya kichwa, na ya tumbo ikiwezekana bila kumuumiza

Weka kitu cha kulinganisha ukubwa, kama kandambili. Pima upana kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, si urefu, kwa sababu mikia mingi imekatika. Andika tarehe na mahali. Dume utamjua kwa vikono viwili chini, karibu na shina la mkia, jike hana.

Ukiwa na samaki usiyemwelewa, wapelekee picha hizo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, au kwa Kenya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI. Afisa uvuvi wa diko lako naye ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa haraka

- Kichwa kimejitokeza, madoa meupe: pungu
- Madoa ya buluu, mistari ya buluu mkiani: taa wa mwamba
- Madoa ya buluu, "miwani" nyeusi: taa wa mchangani
- Mkia wa kiboko, mwili wa madoa: nyenga
- Utando mpana mkiani: taa wa bendera
- Mviringo, laini, mkia mfupi wenye mapezi: taa wa umeme, usiguse
- Anafanana na papa, mashavu chini: mrudishe
- Huna uhakika: mchukulie kuwa ana mwiba